Habari za Upepo: Maneno Yaliyosemwa Mbele ya Watu wa Vigango, Kibamba

Baba Paroko, wazee wetu wa vigango, akina mama, na ninyi vijana mliosimama nyuma kwa kukosa nafasi: tumeombwa tuseme nanyi habari za upepo. Huenda wengine wenu mwastaajabu, mkisema mioyoni, Mwalimu wa dini na habari za mitambo, wapi na wapi? Neno hilo ni la haki. Basi tutaeleza kwanza sababu zetu, ndipo tuingie katika jambo lenyewe.

Sababu ya kwanza ni Jubilei yenyewe. Katika kitabu cha Walawi twasoma ya kuwa Mungu aliwaagiza Waisraeli wautakase mwaka wa hamsini: watumwa waachwe huru, kila mtu aurudie urithi wa baba zake, na ardhi nayo ipumzike isilimwe. Sisi tumeishika sana ile sehemu ya furaha, yaani tarumbeta, nyimbo, pilau na vitenge vipya. Ile sehemu ya ardhi kupumzika tumeisahau. Lakini itazameni barabara hii ya Morogoro ipitayo hapa Kibamba. Alfajiri, kabla ya kengele ya Misa, magunia ya mkaa yashuka kwenda mjini, mengine juu ya malori, mengine juu ya pikipiki, mengine juu ya baiskeli yenye kusukumwa na mtu aliyelowa jasho. Dar es Salaam yala mkaa kupita miji yote ya nchi hii. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, iliyo jirani nasi upande wa kusini, imeliwa sana na shoka. Wazee walisema, Bandu bandu huisha gogo. Ardhi yetu haijapata Jubilei yake.

Sababu ya pili ni sadaka. Vijana wa kigango chetu wameleta ombi kwamba sehemu ya sadaka ya shukrani inunue kinu cha upepo, kivute maji ya kisima na kuwasha taa katika darasa la jioni. Baadhi ya wazee walicheka. Twaungama mbele yenu kwamba sisi nasi tulicheka pamoja nao. Usiku ule hatukulala vema, na sababu ya kutolala tutaisema baadaye. Kwa sasa tuwape vijana haki yao, tulitazame ombi lao kama watu wazima walitazamavyo jambo la fedha ya Kanisa.

Kwanza, tusidhani ya kuwa kufanya kazi kwa upepo ni jambo geni kwetu. Pwani hii ilijengwa na upepo. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, na kusi ikayarudisha, tangu kale kabla ya babu wa babu zetu. Nahodha hakukata mti mmoja kwa kuni za safari, wala hakumlipa mtu bei ya upepo. Alijifunza majira yake, akautegea tanga, akaenda. Kwa hiyo mtu akituambia kwamba upepo waweza kufanya kazi, hatuambii jipya. Jipya ni kwamba waweza kuzungusha mapanga, na mapanga yakazungusha dainamo, na dainamo ikatoa umeme, pasipo moshi wala majivu.

Na aliyelionyesha hilo mapema, nalipendeza sana kwetu sisi walimu, alikuwa mwalimu. Jina lake Poul la Cour, Mdenmarki, aliyefundisha katika chuo cha wananchi cha Askov, chuo cha vijana wa mashambani. Mwaka 1891 alisimamisha kinu cha upepo chenye kutoa umeme. Akaona shida ambayo kila mwenye kutumia upepo huiona: leo wavuma, kesho umelala. Akautumia umeme ule kuyatenga maji yawe hewa mbili, akaihifadhi ile iwakayo, akawasha taa za chuo kwa hewa hiyo. Lakini kazi yake iliyo kubwa kupita zote, kwa maoni yetu, haikuwa kinu. Alifungua mafunzo, akawafundisha vijana wa vijijini ufundi wa umeme, nao wakaenda kila mmoja kwao. Leo zaidi ya nusu ya umeme wa Denmark hutokana na upepo. Mti huo ulianza kwa mbegu katika darasa la watoto wa wakulima.

Huenda mtu akasema, Huko ni Ulaya, wana mali. Basi tuje karibu. Katika nchi ya Malawi, jirani yetu, palikuwa na kijana aitwaye William Kamkwamba. Njaa ya miaka ya 2001 na 2002 iliwapiga sana wakulima wa Malawi, na baba yake akashindwa kumlipia ada ya sekondari. Kijana akarudishwa nyumbani. Hakukaa kuhesabu nzi. Alikwenda katika maktaba ndogo ya shule ya msingi ya Wimbe, akakuta kitabu cha mambo ya nishati chenye picha za vinu vya upepo. Hakukijua Kiingereza vema, lakini alizifuata picha. Akaokota vyuma vilivyotupwa: feni ya trekta, fremu ya baiskeli, dainamo ya taa ya baiskeli. Mabomba ya plastiki akayapasha moto, akayanyosha yawe mapanga. Mnara akaujenga kwa miti. Watu wakasema amepagawa. Naye alikuwa na umri wa miaka 14. Kinu kile kikawasha taa za nyumba ya baba yake, na watu wakaja kutazama. Mwezi wa Juni 2007 aliletwa Arusha, katika nchi yetu hii hii, akasimama mbele ya mkutano mkubwa, akasimulia kwa maneno machache jinsi alivyojaribu, akaweza.

Ndugu wapenzi, tulipokuwa tukicheka, tulisahau kwamba wale waliocheka Wimbe hawakumbukwi hata majina.

Sasa tuje katika Tanzania yenyewe. Mwaka 2020, huko Mufindi, katika mkoa wa Iringa, ilisimamishwa mitambo 3 ya upepo yenye nguvu ya megawati 2.4 kwa jumla, likawa shamba la kwanza la upepo katika nchi yetu lenye kupeleka umeme katika nyaya za watu. Kabla ya hapo, tangu mwaka 2012, palikuwapo mtambo wa maji wa mto Mwenga wenye megawati 4, ukihudumia kazi za chai na vijiji vya jirani. Kwa nini basi waliongeza upepo, na mto wanao? Kwa sababu mto hupungua wakati wa kiangazi, na kiangazi ndicho wakati upepo wa huko uvumapo kwa nguvu. Mmoja akichoka, mwenzake ashika jembe.

Somo hilo sisi wa Dar es Salaam tulifundishwa kwa fimbo. Mwishoni mwa mwaka 2022 mvua zilikawia. Mto Ruvu ukapungua, tukagawiwa maji kwa zamu. Mabwawa ya umeme nayo yakapungua, tukagawiwa umeme kwa zamu. Akina mama mwakumbuka ndoo zilizopangwa foleni usiku, na bei ya dumu moja. Tangu siku hizo serikali imemaliza kazi kubwa katika mto Rufiji: bwawa la Julius Nyerere, lenye mashine 9 na megawati 2,115, ambalo mashine yake ya mwisho iliwashwa mwaka 2025. Ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini bwawa, hata likiwa kubwa namna gani, hungoja mvua. Mwenye busara hatundiki nyama yake yote katika mti mmoja.

Jirani zetu wa Kenya wamekwenda mbali zaidi, nao wana mawili ya kutufundisha, la kuiga na la kuogopa. Katika vilima vya Ngong walianza na mitambo michache mwaka 1993, kwa msaada wa Ubelgiji, wakaongeza kidogo kidogo kwa miaka mingi. Baadaye, karibu na ziwa Turkana, mahali ambapo upepo hubanwa kati ya mlima Kulal na mlima Nyiru na kutoka kwa nguvu kama maji katika mfereji, walisimamisha mitambo 365 yenye megawati 310. Kazi ya kuisimamisha ilikwisha mwaka 2017. Lakini nyaya za kupeleka umeme Suswa, mwendo wa zaidi ya kilometa 400, hazikuwa tayari mpaka mwaka 2018. Hivyo mitambo ilisimama ikingoja na upepo ukapita bure. Tena, wenyeji wafugaji walikwenda mahakamani kwa habari ya ardhi, ekari 150,000, na mwaka 2021 mahakama iliyokaa Meru ilitamka kwamba hati za ardhi ile hazikupatikana kwa njia iliyo halali. Upepo ni wa Mungu, lakini mahali pa kusimamisha nguzo pana wenyewe. Jubilei ya kwanza iliamuru kila mtu aurudie urithi wake. Haifai kazi njema ianze kwa kumwondoa mtu katika urithi huo.

Baada ya kuyasikia hayo, turudi Kibamba tuulizane: Je, upepo wetu watosha? Hapa yatupasa kuwa watu wa kweli, maana wapo wauzaji watakaotuambia kwamba watosha kabla hawajashuka katika gari.

Nguvu ya upepo haiongezeki kama watu wengi wadhanivyo. Mwendo wake ukizidi mara mbili, nguvu yake haizidi mara mbili, bali mara nane. Tuchukue kinu kidogo, ambacho duara la mapanga yake lina upana wa mita 2. Upepo ukienda mita 3 kwa sekunde, yaani ule wa kutikisa majani tu, nguvu ipitayo katika duara lile ni yapata wati 50. Ukienda mita 6 kwa sekunde, yaani ule uinuao vumbi na karatasi na kutikisa matawi madogo, ni yapata wati 400. Na kinu hakiwezi kuinasa yote; kinu kidogo kilicho chema hunasa yapata robo. Basi upepo wa kwanza utatupa wati 12, kiasi cha taa mbili ndogo, na wa pili wati 100. Mwaona tofauti: kinu ni kilekile, fedha ni ileile, lakini mahali palipokosewa hupoteza karibu vyote.

Tena upepo wa chini si upepo wa juu. Miembe, mikorosho na nyumba huuvunja. Kinu kikiwekwa chini ya vilele vya miembe yetu kitazunguka kwa kigugumizi kama mtoto asiyesoma somo lake. Sharti kipande juu, mita 10 hivi kupita mti ulio karibu, na hapa kwetu mgongo wa kilima ndio mahali pa kutazamwa. Wakati wa kusi, miezi ya Juni hata Septemba, bendera ya shule huonekana imenyoka mchana kutwa. Lakini asubuhi na usiku je? Na miezi ya Machi na Novemba, pepo zinapobadilishana zamu, je? Hapana kati yetu awezaye kujibu, kwa kuwa hapana aliyeandika.

Mzee mmoja aliuliza, Je, kinu hicho kitaivisha ugali? Tulimjibu, nasi twarudia hapa: hapana. Jiko la umeme la kawaida lataka wati 1,000 na zaidi, na kinu chetu kikifanya vema chatoa 100. Kinu kidogo ni cha maji, taa, redio na simu. Mambo ya jiko yataka nguvu ya mitambo mikubwa, na gesi, na majiko yenye kula moto kidogo; ndiyo maana serikali mwaka 2024 ilitoa mkakati wa nishati safi ya kupikia, kwa nia kwamba ifikapo mwaka 2034 watu 80 katika kila 100 wapike kwa njia iliyo safi. Hatutaki mtu atoe shilingi yake akidhani ananunua asichonunua. Lakini mtoto asomaye jioni chini ya taa ya upepo, akajua taa ile yatokea wapi, hatakuwa mtu mzima aaminiye kwamba hapana moto ila wa mti.

Sasa tumefika katika lile neno tuliloahidi.

Zamani, tulipokuwa vijana katika kazi hii, tulitumwa kufundisha katika kituo kimoja cha nchi kavu ya kati. Hatutakitaja jina, kwa kuwa kosa lilikuwa letu. Pale palikuwa na kinu cha upepo chenye mapanga mengi ya bati, kivutacho maji. Wamisionari walikiacha kizima. Siku moja kilizunguka na maji hayakutoka. Fundi aliyekijua alikuwa amekwisha kuhama. Kikaendelea kuzunguka kavu, kikilia usiku kucha kwa kukosa grisi, mpaka mtu akapanda akakifunga kwa kamba kwa sababu ya kelele. Akina mama wakarudi kuchimba mchanga wa mto, umbali wa mwendo wa saa nzima, na watoto wa kike wakaanza kuchelewa shule, kisha wengine wakaacha.

Sisi tulipita chini ya kinu kile kila asubuhi na daftari la mahudhurio kwapani. Tuliandika alama ya kutokuwapo mbele ya majina ya wasichana wale, tukawakemea wazazi wao kwa uvivu. Haikutujia kamwe kuuliza kinu kilikuwa na ugonjwa gani. Baada ya miezi mingi alipita mtu wa visima, akakifungua kwa nusu siku. Kilichoharibika kilikuwa ngozi ya pampu, kipande kitoshacho katika kiganja cha mkono, ambacho mshona viatu yeyote angaliweza kukikata. Siku ile maji yalipotoka, watu walishangilia, nasi hatukuweza kushangilia. Wasichana wawili walikuwa wamekwisha kuolewa.

Ndiyo sababu, vijana wetu, tulicheka mliposema kinu. Hatukucheka kwa dharau. Mtu huweza kucheka ili asikumbuke. Nasi twaomba radhi.

Basi, kwa yale tuliyoyaona na kuyasikia, twatoa shauri letu mbele ya Baba Paroko na wazee, lipimwe.

La kwanza, tusinunue kinu mwaka huu. Tununue kipima-upepo, chombo kidogo chenye vikombe vyenye kuzunguka, tukisimamishe juu ya nguzo ndefu mgongoni mwa kilima. Kila asubuhi, adhuhuri na jioni mtu aandike katika daftari, kama tuandikavyo mahudhurio ya wakatekumeni, mwaka mzima, kusi na kaskazi na siku za kati. Injili yatufundisha habari za mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza akahesabu gharama. Mnara wetu nao ni mnara.

La pili, wachaguliwe vijana wawili, mvulana mmoja na msichana mmoja, wenye makao hapa Kibamba, wapelekwe kujifunza ufundi huo kabla kinu hakijanunuliwa, si baada yake. Nao wawe na mwanafunzi wao, naye awe na wake.

La tatu, uwekwe mfuko wa grisi na ngozi na beringi tangu siku ya kwanza, kila nyumba itoe kidogo kwa mwezi, na hesabu yake isomwe hadharani baada ya Misa. Sadaka ya kununua hupatikana, maana watu hupenda kupigwa picha mbele ya kitu kipya. Sadaka ya kutunza haina picha, lakini ndiyo yenye kuleta maji. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

La nne, mahali pa nguzo na pa kisima paandikwe kwa mkataba, mbele ya mashahidi na mwenye shamba, na serikali ya mtaa ijue, ili watoto wetu wasirithi kesi badala ya maji.

Na mwaka ukiisha, tukaona katika daftari kwamba upepo wa Kibamba ni haba, tusione haya. Tutanunua mabamba ya jua, kwa kuwa jua tunalo, au tutaunganisha hivi viwili, jua mchana na upepo usiku. Vijana watakuwa wamejifunza kupima kabla ya kusadiki, na daftari lao litawafaa wengine wa Kiluvya na Mbezi watakaouliza swali lile lile. Kielelezo chema cha kuwapa jirani zetu si chuma kilichosimama. Ni watu wanaojua hesabu yake, wenye ufunguo wake, na wanaotoka usiku kukitazama kinapolia.

Tena katika mwaka huo wa kungoja, tufanye lile tuwezalo leo. Kila nyumba ya kigango ipande miti na kuilinda, na kile kipande cha nyuma ya kanisa, kilichokwatuliwa mpaka udongo mwekundu ukaonekana, kiachwe bila shoka wala jembe. Tukiite shamba la Jubilei. Kipumzike.

Tumesema mengi, nanyi mmetuvumilia. Upepo wa kusi umeanza kuingia madirishani, nasi twauona ukizigeuza karatasi zetu kana kwamba watuharakisha tumalize. Mungu, aliyeutuma upepo ukaushe nchi baada ya gharika ya Nuhu, atupe akili ya kuupima na mikono ya kuutumikia. Na wale wasichana tuliowaandika kwamba hawapo, popote walipo sasa, atusamehe kwa ajili yao.

Tumsifu Yesu Kristu.